Sakafu Iliyokataa Kukauka

Jumamosi, 1 Juni

Siku kubwa! Mke wangu amepata kazi ya sare za wauguzi. Jozi mia moja na ishirini, nyeupe tupu. Anaimba tangu asubuhi. Miaka kumi na tisa anashonea kwenye kona ya sebule, nyuma ya kochi, na miaka kumi na tisa mimi nakalia pini. Leo amesema basi, inatosha, anataka karakana yake. Cherehani tatu mpya zinaletwa na lori Jumamosi ijayo. Mafundi wawili wanaanza Jumatatu inayofuata. Mahali ni gereji yetu ya hapa nyumbani, ambayo tangu tuuze gari haina kazi ila kutunza ndoo zilizotoboka.

Tatizo ni moja tu. Sakafu ya gereji ni zege la zamani linalomeguka. Ukipita, vumbi. Ukikohoa, vumbi. Kitambaa cheupe kikiangukia hapo kimekwisha. Mke wangu anasema sare zikipokelewa na uchafu kazi yote inanyang'anywa, na hatapata nyingine kama hiyo. Kwa hiyo sakafu lazima ipakwe epoksi, ile rangi nzito inayogeuka ngumu na kung'aa kama sahani.

Kisha akasema ameshazungumza na kaka yake. Nilijua tu! Shemeji kazi yake ni hiyo hiyo: sakafu za maabara, za hospitali, za maduka ya magari. Ni mtu anayeingia kwenye nyumba ya watu na kusalimia sakafu kwanza. Yuko tayari kuja Alhamisi kutupakia bure, kwa mapenzi ya dada yake.

Nikakataa. Nimekuwa mtunza stoo miaka thelathini na moja mpaka nilipostaafu mwezi wa pili. Makopo ya rangi yamepita mikononi mwangu kwa maelfu. Nikamwambia mke wangu sakafu hiyo nitaipaka mimi mwenyewe, na lori likifika atajiona humo kama kwenye kioo. Akauliza kama nimewahi kupaka sakafu. Nikamjibu kwamba nimewahi kutoa makopo kwa waliopaka. Halafu akasema haya, ila tafadhali, mume wangu, Jumamosi iwe Jumamosi kweli. Nimempa neno langu.

Jumapili, 2 Juni

Shemeji kaleta makopo. Alibakiwa nayo baada ya kazi ya maabara. Moja kubwa, lina rangi ya kijivu. Moja dogo, lina majimaji ya rangi ya asali. Kaleta na rola, na brashi, na mdomo wake.

Alichuchumaa, akagonga zege kwa kifundo cha kidole, akasikiliza kama daktari anayesikiliza kifua. Akaanza mhadhara. Nikajitia nashughulika na kufuli la mlango. Jambo moja alilirudia mara tatu: haya makopo huchanganywa, dogo ndani ya kubwa, yakorogwe sawasawa, kisha yapakwe upesi kabla hayajagandia kwenye ndoo. Nikamwambia ahsante shemeji, nimesikia. Na kweli nilisikia, mimi si kiziwi.

Alipoondoka nikasoma karatasi ya maelekezo. Nayo inasema hivyo hivyo. Changanya.

Hapa ndipo uzoefu unapotenganisha watu. Stoo yangu ilikuwa na sheria ya kwanza, niliibandika ukutani kwa wino mwekundu: kopo la pili halifunguliwi kabla la kwanza halijaisha. Na katika miaka thelathini na moja, kila niliyemkuta anachanganya makopo mawili alikuwa anaficha upungufu. Kila mmoja! Fundi bomba, dereva, hata mkuu wa idara mmoja ambaye sitamtaja.

Nikafungua kopo kubwa kulikagua. Halikujaa! Nikapima kwa rula: nafasi tupu ya vidole vinne kutoka mdomoni. Yaani nafasi ya kutosha kabisa kumimina kopo dogo lote. Basi mchezo wote nikauona. Kiwanda kimepunja, wakatengeneza kikopo cha kuzibia, na shemeji kwa miaka yote hiyo anawakorogea wizi wao. Masikini. Na wanamwita fundi.

Jumatatu, 3 Juni

Nimesugua sakafu siku nzima. Sabuni, maji, brashi ya waya, magoti. Palikuwa na doa la oili alikokuwa akilala mnyama wetu yule wa magurudumu manne. Limetoka baada ya saa mbili na ngozi ya vidole vitatu.

Mchana mke wangu aliingia na kipimo chake cha utepe shingoni. Akapiga alama za chaki ukutani. Hapa ovaloki, ile cherehani ya kukunga kingo. Hapa cherehani mbili zitazamane. Hapa meza ya kukatia, karibu na dirisha, mwanga uingie kutoka kushoto. Kisha akasimama tu katikati ya chumba kitupu, mikono kiunoni, akitabasamu na ukuta. Sijamwona vile tangu mtoto wetu wa mwisho alipofaulu.

Akauliza kama nina uhakika shemeji asije kunisaidia. Nikamwambia nina uhakika kuliko nilivyo na uhakika wa jina langu. Akanipangusa povu la sabuni sikioni, akaondoka. Usiku mwema. Magoti hayakunjiki.

Jumanne, 4 Juni

Nimemaliza! Kabla ya chakula cha mchana!

Nilipiga hesabu asubuhi na mapema. Kopo kubwa litatosha sehemu kubwa ya ndani. Kopo dogo litatosha sehemu ya mbele, mlangoni. Kila kopo na eneo lake, hakuna kuchanganya, hakuna kuficha. Ukitaka kukagua unakagua.

Nikaanza ukutani kwa nyuma, nikarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Wapo wanaojipakia konani wakakwama. Mimi si wa kundi hilo. Kijivu kilitambaa vizuri, kizito, kinang'aa. Lilipokwisha la kwanza hadi tone la mwisho, ndipo nikafungua la pili, kwa utaratibu. Hili lilinuka samaki aliyesahauliwa. Pia halikuwa na rangi. Nikaelewa ni aina ya vanishi. Pale maeneo mawili yalipokutana, rola ilipita kidogo juu ya kijivu, upana wa kiganja hivi, toka ukuta hadi ukuta. Nimepasawazisha. Hata hapaonekani sana.

Nimepiga simu kwa shemeji kumjulisha kazi imekwisha. Akashangaa. Yeye huchukua siku nzima na watu wanne. Nikamwambia labda wanne ndio tatizo.

Karatasi inasema baada ya siku moja unatembea juu yake. Nimefunga mlango, nimetia ufunguo mfukoni. Mke wangu alitaka kuchungulia. Nikamwambia mpishi hafunuliwi sufuria.

Jumatano, 5 Juni

Nimeingiza kidole. Kidole kilitoka na sakafu.

Sehemu ya kijivu inavutika kama asali iliyokaa. Sehemu ya mbele ni mafuta tu, haijaanza hata kufikiria kukauka. Lakini! Katikati, ule mstari wa upana wa kiganja ambapo rola ilipitiliza, ni mgumu kama jiwe. Nimeugonga kwa ufunguo, ukalia ting. Unang'aa, ni mzuri, unafaa maabara yoyote. Una upana wa kiganja kimoja.

Nimekaa kizingitini saa nzima nikiutafakari mstari ule. Kwa nini hapo na si kwingine? Nilikuwa na sababu ya kufikiri vizuri, maana leo ni Jumatano. Mwisho nikapata jibu. Mstari unaanzia dirishani na kwenda moja kwa moja hadi kwenye ule ufa wa ukuta wa pili. Upepo! Hapo ndipo upepo unapopita. Jambo jepesi namna hiyo na shemeji hakulisema hata mara moja kwenye mhadhara wake.

Nimehamisha feni ya chumbani.

Alhamisi, 6 Juni

Feni imevuma toka alfajiri. Matokeo: sakafu haijakauka, ila sasa ina nzi kumi na saba, nywele, jani moja, na risiti ya duka la dawa.

Saa nne kuku wa jirani alipenya chini ya mlango. Nilimwona kupitia dirisha, nisiweze kumfikia. Alitembea juu ya sehemu ya mafuta, akaitazama miguu yake, akasita kidogo, kisha akaendelea mbele kwa kiburi cha kuku. Alipofika kwenye kijivu akasimama. Akanyanyua mguu mmoja, sakafu ikaja nao. Akapiga makelele mtaa mzima ukasikia. Aliponasuka aliacha manyoya matano na heshima yake yote. Jirani ameuliza kwa nini kuku wake ana viatu. Nimejitia hamnazo.

Shemeji kapiga simu. Akauliza imekaukaje. Nikasema inapendeza. Akauliza ukiigonga inalia? Nikasema inalia vizuri sana, na sikusema uongo, kwa sababu mstari unalia. Akauliza imelia kote? Nikamwambia mtandao unasumbua.

Jioni mke wangu ameleta majora ya kitambaa cheupe. Yamejaa kitandani. Anayashika kama watoto wachanga. Akaniomba ufunguo ayapange karakanani mwake. Akasema hivyo hivyo, karakanani mwangu. Nikamwambia sakafu ya aina hii haipendi kusumbuliwa kabla ya siku tatu. Akanitazama. Yule mwanamke ananijua miaka ishirini na sita. Tumelala pembeni, majora katikati.

Ijumaa, 7 Juni

Bado. Kesho lori. Maji yamenifika shingoni.

Niliwaza kumpigia shemeji. Nilishika simu kabisa. Halafu nikaisikia sauti yake, ile anayosema shemeji jamani, akivuta neno jamani hadi ng'ambo ya pili. Nikairudisha simu mfukoni.

Saa sita nikapata wazo! Tatizo si kwamba sakafu haijakauka. Tatizo ni kwamba inagusa watu. Ukiweka kitu kati ya sakafu na watu, tatizo limekwisha. Nina magazeti ya miaka minne, mke wangu amekuwa akiniambia niyatupe. Ndiyo faida ya mtu anayetunza vitu.

Nimeyatandaza yote, kuanzia nyuma hadi mlangoni, safu mbili. Kwenye kijivu yalinasa papo hapo, hata huwezi kuyanyoosha yakikunjamana. Kwenye mafuta yaligeuka rangi na kulowa, nikaongeza safu ya tatu. Kisha nikatembea juu yake. Safi! Mguu haugusi kitu. Kuna sauti ndogo kila unaponyanyua unyayo, kama mtu anachana fulana, na gazeti linakufuata kidogo. Lakini ukitembea polepole na kwa hatua fupi huwezi kujua.

Nitasema magazeti ni ya kulinda mng'ao. Mpango umekamilika.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui niandikeje.

Lori lilifika saa tatu. Mke wangu alivaa gauni lake la maua na kujifunga kitambaa kipya kichwani. Nikafungua mlango kwa mbwembwe. Akaona magazeti. Nikaeleza mambo ya mng'ao. Akatikisa kichwa, akakubali, akasogea pembeni kuwapisha wabebaji.

Nilikuwa nimepanga kumwambia mbebaji wa kwanza aende polepole na kwa hatua fupi. Sikuwahi. Alikuwa jitu la miraba minne, ana kichwa cha cherehani begani, na aliingia kama mtu anayekwenda kwake. Hatua ya kwanza aliteleza kwenye mafuta. Hatua ya pili alijishikilia. Ya tatu ilitua kwenye kijivu, na hapo akasimama kabisa, kiwiliwili kikaendelea. Akapiga hatua ya nne akiwa na soksi. Mabuti yote mawili yalibaki nyuma yake yamesimama wima, yamefungwa kamba vizuri, kana kwamba mwenyewe ameyeyuka. Ya tano, soksi nazo zikabaki.

Cherehani hakuiangusha. Mungu ambariki. Alisimama pekupeku katikati ya magazeti, cherehani begani, akauliza kwa sauti ya upole kabisa kama kuna mtu wa kumsaidia.

Tulimtoa kwa ubao. Magazeti yalitoka naye. Hapo sakafu yote ikawa wazi, na mke wangu akaiona. Kijivu, nzi, manyoya ya kuku, vipande vya habari za miaka minne. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ardhi ilikuwa tayari imeonyesha inachoweza, lakini mimi ikaniacha nimesimama.

Nilitegemea atafoka. Laiti angefoka. Alivua kitambaa kichwani, akakikunja mara nne, akapiga simu kwa kaka yake akauliza kama ghalani kwake kuna nafasi. Kisha akaniambia kwamba yeye hakutaka kioo. Alitaka mahali pa kuweka cherehani Jumamosi. Akapanda lorini, mbele, katikati ya dereva na mbebaji asiye na viatu. Nimempa yule bwana viatu vyangu vya ofisini. Vinambana.

Jumatatu, 10 Juni

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ghala la shemeji liko ng'ambo ya mji. Amebeba chakula chake kwenye bakuli, kama mfanyakazi wa watu.

Sikuwahi kufikiri kwamba nyumba hii ina sauti. Miaka kumi na tisa namwambia ile cherehani inanipigia kelele nikisikiliza taarifa ya habari. Leo nimesikiliza taarifa ya habari yote, neno kwa neno, na sikumbuki hata moja. Nimekaa kwenye kochi. Hapakuwa na pini. Inauma zaidi bila pini, hiyo nasema wazi.

Mchana nimekula mkate mkavu kwa kukosa wa kula naye.

Amerudi jioni, amechoka, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamuuliza kazi imekwendaje. Akasema imekwenda. Akalala.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda ghalani. Nilijiambia nakwenda kukagua tu.

Niliwaona kupitia dirishani kabla hawajaniona. Cherehani tatu zimebanwa kati ya mifuko ya saruji na mashine za kusagia sakafu. Mafundi wake wawili wanashona wamejifunika leso puani. Kila mtu wa shemeji akipita, mke wangu anarusha turubai la nailoni juu ya kitambaa, anangoja vumbi litulie, analiondoa, anashona mistari miwili, mtu mwingine anapita. Kwenye beseni kulikuwa na sare moja imelowekwa. Alikuwa akiisugua ukosi kwa kidole gumba, taratibu, na uso wake niliuona. Sare ya kwanza kabisa, na ina doa.

Nikapiga moyo konde, nikaenda nyuma ya ghala kwa shemeji. Nikamwamkia vizuri. Nikamwambia shemeji, sakafu yangu imenishinda, naomba unisaidie, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya dada yako. Nilijiandaa kwa lile jamani lake. Hakulisema. Akafuta mikono, akasema kesho asubuhi nipo. Hilo lilinichoma zaidi kuliko kama angecheka.

Jumatano, 12 Juni

Leo kacheka.

Alisimama kizingitini, akatazama, akanusa. Akauliza nilichanganya? Nikamwambia sakafu ina sababu nyingi. Ndipo akauona mstari. Akaufuata kwa macho toka ukuta hadi ukuta. Akaniuliza kubwa nililipaka wapi, nikaonyesha ndani. Dogo? Nikaonyesha mbele. Akakaa juu ya ndoo. Alicheka bila sauti kwanza, mabega tu, kisha sauti ikaja yote kwa pamoja hadi jirani akatokeza ukutani na kuku wake mkononi.

Alipopata pumzi akanieleza. Eti kopo kubwa peke yake halikauki hata likikaa mpaka wajukuu. Dogo nalo vivyo hivyo. Eti mstari ni mgumu kwa sababu hapo ndipo viwili vilipokutana. Nikamsikiliza kwa heshima, maana yeye ndiye mgeni. Kisha nikamweleza habari ya upepo, dirisha na ufa. Akanipa kikwanguo, akasema tuanze.

Tumekwangua hadi jua kuzama. Thina ya kuyeyushia rangi, matambara, magoti yale yale. Kinachotoka ni kama ubani mbichi, kinashika kila kitu. Shemeji amenasa mara mbili, mimi sikuhesabu.

Ijumaa, 14 Juni

Jana tulimaliza kusafisha na kusaga. Leo shemeji alileta makopo mengine mawili. Akaweka ndoo katikati ya uwanja, akamimina kubwa, akachukua dogo, akalifungua hapo hapo, lile la kwanza likiwa bado lina mchirizi chini! Nikageuka nikatazama ukuta. Kuna mambo mtu wa stoo hawezi kuyashuhudia. Nilisikia mashine ya kukorogea inavuma, nikawakumbuka wote niliowaandikia barua za onyo.

Tukapaka pamoja, yeye ndani, mimi kando kando kwa brashi. Aliniamuru kama mwanafunzi: shemeji shusha mkono, shemeji usirudi nyuma, shemeji acha kufikiri. Nilivumilia yote. Nilikuwa namwona yule mwanamke na ukosi wake kwenye beseni.

Jumamosi, 15 Juni

Imekauka. Yote! Inalia ting kila mahali. Nimeigonga kwa ufunguo pande zote nne, kisha kwa kijiko.

Nimelifikiria jambo hili kwa haki. Ni kweli shemeji alichanganya. Lakini ni kweli pia kwamba tangu Alhamisi kumekuwa na upepo mzuri sana. Sitamwambia. Si vizuri kumvunja mtu moyo.

Mchana cherehani zimerudi. Mbebaji yule yule. Alisimama mlangoni akaigusa sakafu kwa ncha ya kiatu, mara tatu, kabla hajaingia. Mke wangu alivua ndala, akaingia pekupeku. Alitembea hadi dirishani, kwenye alama yake ya chaki, akakunjua jora moja hapo hapo sakafuni, nyeupe juu ya kijivu, akaliinua, akaligeuza kwenye mwanga. Hakuna hata chembe. Akalikumbatia. Nilisimama mlangoni nikaona nisiingie, nisije nikaharibu kitu.

Anashona sasa hivi. Nasikia hadi huku. Taarifa ya habari siisikii kabisa, na sitaki.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe kaja kuiona karakana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama pembeni, kama kawaida yake. Tangu nimwoe binti yake huniuliza swali moja tu: kama stoo bado haijafungwa.

Aliingia kwa mkongojo. Akapiga hodi kwenye sakafu, ikalia. Akainama kwa shida, akapitisha kiganja, akakitazama. Safi. Akauliza nani ametengeneza kitu kizuri namna hii.

Shemeji akafungua mdomo. Mke wangu akawahi. Akasema ni mume wangu, mama. Amepiga magoti humu ndani wiki mbili.

Shemeji akafunga mdomo. Akaitazama dari, kisha akanitazama mimi, kisha akasema kwa unyonge kwamba ndiyo, shemeji ameipigania sana. Mama mkwe akanigeukia. Aliniangalia usoni, kwa mara ya kwanza ninayoikumbuka. Akasema, kumbe.

Neno moja tu. Kumbe! Nimelingoja miaka ishirini na sita. Machozi yalinilenga, nikajifanya natafuta pini sakafuni. Mke wangu alikuwa ameshainamia kitambaa chake, lakini niliuona mdomo wake ukizuia kicheko, na niliona kwamba amenisamehe. Mwanamke yule hana mfano.

Mama mkwe akaendelea kusema kwamba bafuni kwake sakafu imechakaa, maji yanapita hadi chumbani kwa jirani wa chini, na hajui amwite nani. Hapakuwa na haja ya kufikiri. Nikamwambia asimwite mtu. Asimsumbue shemeji, ana kazi zake. Nitakwenda mwenyewe Jumanne, nitampakia bafu lote, sakafu na kuta, na dari akipenda. Akasema kumbe mara ya pili.

Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza ya kukatia. Akanikanyaga tena, kwa nguvu zaidi. Nami nikamkanyaga, kwa mapenzi.